Kutoa wayaringi na injini ya pikipiki mwenyewe nyumbani, kipi kinatangulia?

BisibisiButu
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki ya 125, ya kabureta, nimeamua kuivua yote nipake fremu rangi maana kutu imeshaanza kula chini ya siti. Siti nimetoa, tanki nimetoa, makava ya pembeni nimetoa, mpaka hapo nikawa najiona fundi kabisa, nilipokutana na hizo waya nikakaa chini. Zimejisokota huko kama mizizi. Sasa nitoe waya kwanza au nishushe injini kwanza? Na hizi zinazotoka kwenye injini yenyewe nazikata au zina mahali pa kuachania? Kuna mshikaji kaniambia kata tu utaunga baadaye, roho inasita.

MzeeWaSpana
Usikate kitu mkuu, huyo mshikaji mpe soda aende zake.

Anza na betri, toa hasi halafu ndo chanya. Ukianza na chanya spana ikagusa fremu utaona cheche mpaka usahau ulichokuwa unafanya. Baada ya hapo fuata waya zinazotoka kwenye injini, za magneto (kile kinachozalisha umeme ndani ya injini) na ya taa ya niutro zinapanda pamoja na zinaishia kwenye soketi, mara nyingi chini ya tanki au nyuma ya kava la pembeni, ukiachanisha pale zinabaki na injini yao. Ya stata ni ile nene, yenyewe inafungwa na nati kwenye mota. Usisahau ethi, ile waya yenye kikuku inayokazwa na bolti kati ya injini na fremu, wengi wanaisahau wanaanza kuvuta injini huku imeshikwa na waya.

Soketi usiivute kwa waya. Ina kiulimi pembeni, kibonyeze kwa kucha au bisibisi ndogo, ushike plastiki yenyewe ndo uvute. Ikigoma ina vumbi, sukuma ndani kidogo kwanza halafu vuta tena. Na kila soketi ukiachanisha bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, namba ileile, 1 na 1, 2 na 2. Hapo injini iko huru kwa upande wa umeme, wayaringi iliyobaki kwenye fremu utaitoa injini ikishashuka, tena utakuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

cheni_legevu
Mzee kamaliza ila kabla hujashusha chochote legeza sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, wakati cheni bado ipo na tairi liko chini. Weka gia, mtu akanyage breki ya nyuma, wewe legeza. Mimi nilishusha injini kwanza, nikaja kuhangaika na ile sproketi injini iko sakafuni inazunguka tu kama pia.

Oili mwaga mapema, eksozi toa, waya ya klachi, kofia ya plagi, kabureta, halafu tundu la kabureta liziba kwa kitambaa safi, nati ikidumbukia mle umeshajiongezea kazi ya kufungua kichwa cha injini.

TochiMdomoni
Naongezea picha. Mimi nilipiga picha za soketi zote, nilijisifu sana, ila sikupiga hata moja ya njia waya zinakopita. Kurudisha nikazipitisha upande usio wake pale shingoni. Pikipiki ikawaka vizuri tu, nikikata kona kulia inazima, nikinyoosha inawaka. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha koili, kumbe usukani unavuta waya ya swichi. Wiki mbili hizo.

BisibisiButu
Asanteni sana wakuu. Update: umeme wote umeachana, bolti zimetoka zote kasoro moja ndefu ya nyuma, nati nimetoa ila bolti haitaki kusogea hata nikigonga.

MzeeWaSpana
Hiyo imebeba uzito wa injini. Weka jeki chini na kipande cha ubao juu yake, pandisha kidogo kidogo huku unaizungusha bolti kwa spana, ikifika usawa wake utasikia imelegea yenyewe. Ukigonga rudisha nati kwanza kwenye ncha usije ukaua nyuzi. Kama huna mtu wa kukusaidia kunyanyua, ilaze pikipiki taratibu juu ya godoro bovu, chomoa bolti, halafu inyanyue fremu uiache injini chini. Fremu tupu ni nyepesi.

BisibisiButu
Imetoka kwa jeki mkuu! Kesho msasa, jumapili rangi fremu nzima.

cheni_legevu
Fremu nzima hapana. Pale kikuku cha ethi kinapokaa ziba na tepu kabla ya kupaka, panatakiwa chuma kitupu. Na matundu ya bolti za injini nayo ziba, na namba ya fremu usiizike kwa rangi nzito.

BisibisiButu
Duh, hapo kwenye ethi ningepaka kabisa. Nimeenda kupaangalia sasa hivi, kikuku chenyewe kimeota kijani.

cheni_legevu
Kisugue mpaka king'ae, ndo ukirudishe.