Mrejesho: ankara za depo ya dawa, Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kutafuta ankara za mteja mmoja kwa mwaka mmoja, katika hifadhidata ya MySQL ya depo yetu ya dawa hapa Bukavu, kunachelewa hadi mteja aliyesimama kaunta ananuna. Mlinishauri niweke faharasa (index, yaani orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji) moja ya safu mbili, namba ya mteja ikitangulia na tarehe ikifuata. Amri ya EXPLAIN, inayoeleza jinsi MySQL inavyotafuta, na ambayo awali ilionyesha jedwali zima likisomwa, ikaonyesha kwamba faharasa inatumika, ila kwa namba ya mteja tu.

Kilichozuia tarehe ni sharti la YEAR(tarehe) = 2024, kwa sababu safu ikishawekwa ndani ya fomula, mpangilio wa faharasa haumsaidii tena anayetafuta. Nimeandika badala yake tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01', na sasa majibu yanatoka papo hapo.

Faharasa ya safu ya “imelipwa” nimeifuta: ina thamani mbili tu, karibu nusu kwa nusu, haichuji kitu, na bado ilihitaji kusasishwa kwa kila ankara mpya. Imebaki ripoti ya mwezi ya wateja wote, ambayo huchuja kwa tarehe pekee, kwa hiyo faharasa inayotanguliza namba ya mteja haiisaidii. Hiyo nitaiwekea faharasa yake jioni, depo ikishafungwa.