Kuivisha vanila: jua na blanketi, kikaushio cha umeme, au kivuli tupu?

Marando:
Habari zenu wakuu. Naomba mnilinganishie njia za kukausha vanila. Mzigo ni kilo 10 mbichi, ncha zimeanza njano. Kuna maelekezo matatu yanayopingana. La kwanza linasema ichovywe kwenye maji ya moto, halafu jua na blanketi. La pili linasema iingie moja kwa moja kwenye kikaushio cha umeme, nyuzi 60 mpaka ikauke. La tatu linasema ianikwe kivulini tu, eti jua linaua harufu. Ipi inatoa harufu nzuri bila kuota kuvu? Na nitajuaje imefika? "Laini kama ngozi" kila mtu anaielewa kivyake.

Kichanja:
Mkuu, la pili na la tatu yameruka hatua mbili, ndiyo maana yanaonekana mepesi.

Vanila mbichi hainukii. Vanilini, ile inayotoa harufu, imo ndani lakini imeshikana na sukari, na kimeng'enya cha kuiachanisha kimekaa pembeni, hakijakutana nayo. Kwanza unavunja chembe za haragwe (tunda lenyewe la vanila) ili vikutane, kisha unavipa joto lenye unyevu vifanye kazi. Kukausha kunakuja baada ya hapo. Ukianika haragwe likiwa hai kivulini, litaendelea kuiva lenyewe, litapasuka kuanzia nchani, na kuvu itaingilia kwenye mpasuko huo. Ukilitupa kwenye nyuzi 60 kavu, maji yanakimbia kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, unabaki na kijiti kikavu chenye harufu ya majani makavu.

Kwa hiyo anza hivi. Chambua: marefu peke yake, mafupi peke yake, yaliyopasuka peke yake. Pasha maji mpaka nyuzi 65, tumia kipimajoto, usibahatishe kwa kidole. Marefu yakae dakika 3, mafupi na yaliyopasuka dakika 2.

Wengi wanaharibu kwenye wingi wa maji. Kilo 1 ya vanila yenye nyuzi 25 ukiizamisha kwenye lita 10 za maji ya nyuzi 65, maji yanashuka hadi kama 61. Ukitumia lita 3 tu yanashuka hadi 55, na hapo chembe hazijavunjika. Tumia lita 10 kwa kila kilo, anzia nyuzi 66 au 67, acha moto mdogo chini, chovya kwa kapu la waya, kilo moja moja. Ila usipitilize. Ukifika 80 unakiua na kimeng'enya chenyewe: haragwe litageuka kahawia vizuri tu, lakini harufu itabaki nyepesi na hakuna cha kuirudisha.

Likitoka majini lisipoe. Lichuje kwa dakika moja, lifunge kwenye blanketi la sufu la rangi nyeusi, weka kwenye boksi linalotunza joto kwa saa 48, nyuzi 45 hadi 50. Boksi la kuhifadhia barafu linafaa kabisa. Panga chupa za maji ya moto pembeni na uzibadilishe kila joto linapokaribia 45. Likikaa chini ya 40 kwa muda mrefu, vijidudu vinashika usukani: unakuta utelezi na harufu ya uchachu.

Asubuhi ya kwanza fungua haraka uangalie. Rangi inatakiwa iwe kahawia ya chokoleti, sawasawa toka kikonyo hadi ncha. Lenye mistari ya kijani lilikosa joto. Litenge, lichovye tena siku hiyo hiyo.

Nyuzi_48:
Naafiki yote, naongeza moja: asiye na kipimajoto cha kuaminika anaweza kugandisha vanila kwenye friza kwa saa 24 badala ya maji ya moto. Barafu inapasua chembe bila kukipika kimeng'enya. Sharti lake ni kwamba zikitoka zipashwe upesi mpaka nyuzi 45 na kuendelea. Ukiziacha ziyeyuke taratibu mezani zinalegea na kuanza kuoza.

Sasa jua dhidi ya kikaushio. Kwangu hivi si wapinzani, ni vyanzo viwili vya joto la aina moja. Kwenye jua unatandaza juu ya blanketi jeusi, kwenye kichanja kilichoinuliwa, saa 1 hadi 2, mpaka haragwe liwe la moto kiasi cha kukushinda kulishika. Kisha unalikunja na blanketi likiwa bado moto na kulirudisha kwenye boksi mpaka kesho. Rudia siku 7 hadi 10. Baadaye linahamia kwenye chekeche kivulini, chumba chenye hewa, wiki 6 hadi 10, unageuza kila siku. Kwa maana hiyo yule wa kivuli hakukosea kabisa. Kivuli kina nafasi yake, ila ni mwishoni.

Kikaushio kitumie vilevile kama jua: nyuzi 48, saa 3 kwa siku, trei moja safu moja, halafu funga kwenye blanketi. Kosa kubwa ni kukiacha usiku kucha. Ngozi ya nje inakauka na kukaza, maji yanafungiwa ndani. Kwa macho unaona imeiva. Wiki mbili baadaye ndani ya boksi yale maji yanatoka polepole hadi kwenye ngozi, na mzigo mzima unaota kuvu. Watu wanalaumu boksi, kumbe kosa lilifanyika siku ya tatu.

Jua nalo lina udhaifu: mawingu ya siku tatu mfululizo katika wiki ya kwanza yanatosha kuharibu mzigo. Kwa kilo 10 ningetumia jua, kikaushio kikae tayari kwa siku za mawingu.

Mizani:
Swali la "imefika lini" linajibiwa na mizani.

Chukua kilo 1 ya mbichi kabla ya kuchovya, ifunge uzi wa rangi ili usiipoteze, ipitishe hatua zote pamoja na nyingine. Vanila mbichi ni maji karibu asilimia 85, maana yake kilo hiyo ina gramu 150 hivi za kitu kikavu. Ukitaka vanila laini ya kuuzwa nzima, lenga unyevu wa asilimia 30: 150 gawa kwa 0.7, ni gramu 214. Ya kutengenezea kiini (kimiminika cha kutia harufu ya vanila) inaweza kushuka hadi asilimia 20 au 25, yaani gramu 188 hadi 200. Ikizidi gramu 240 usithubutu kuifunga.

Hakikisha pia kwa mkono: lizungushe haragwe kwenye kidole. Linatakiwa lizunguke bila kukatika na likiachiwa lijinyooshe. Likibinywa likatoa maji, bado.

Marando:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Moja la mwisho: zikishafungwa kwenye boksi zikatoa weupe juu ya ngozi, ni kuvu au ni ile vanilini inayoganda?

Kichanja:
Isogeze kwenye mwanga na uigeuze. Vanilini inaganda kama sindano ndogo zinazometa, zimelala au kusimama kwenye ngozi, na ukizipapasa kwa kidole zinaacha harufu ya vanila. Kuvu haimeti. Ni manyoya au unga uliofifia, mara nyingi inaanzia kwenye kikonyo au penye mpasuko, na ukiipangusa inaacha alama na harufu ya kabati lenye unyevu.

Lenye kuvu litoe mara moja, usilipanguse juu ya mengine maana mbegu za kuvu zinaruka. Kama ni doa dogo kwenye ngozi, lipanguse kwa spiriti ya kunyweka ya asilimia 70, lirudi kwenye kichanja siku kadhaa, likae boksi la peke yake. Kama imeingia ndani, tupa. Ukibakiza moja kwa huruma, harufu yake inahamia kwa wenzake.

Boksi liwe la mbao isiyonukia, ndani karatasi ya nta, miezi 3 angalau. Kagua kila wiki, haragwe moja moja, kwa pua na kwa macho. Usifunge kwenye plastiki iliyonyonywa hewa kabla miezi hiyo haijaisha.