Tupeane uzoefu: usafi na bustani ya nyumbani bila madawa ya dukani, nani kafanikiwa nani kaumbuka

Mama Pacha wa Gungu
Mwakeye wakuu. Leo mdogo wangu kamwaga mawese kwenye kitambaa changu cheupe cha meza, kile cha harusi, nikataka kulia. Nikakumbuka bibi yangu wa Ujiji alivyokuwa akifanya. Nikafua na sabuni ya gwanji kawaida, doa likabaki la njano kama kiini cha yai, nikakianika kitambaa hivyohivyo kibichi juani toka saa nne mpaka saa kumi, kila kikitaka kukauka nanyunyizia maji. Limeondoka lote! Bibi alikuwa anasema jua linakula mawese, mi nikajua ni maneno ya wazee tu, kumbe ule wekundu ni karotini, ileile ya kwenye karoti, haivumilii jua. Haya leteni za kwenu, na za kuumbuka zileteni pia, hizo ndo tamu.

Kinyozi wa Mwanga
La jua nathibitisha. Taulo zangu za saluni ndo zinaponea hapo.

Binti Unyanyembe
Mwangaluka kutoka Tabora. Mimi ni majivu na bado nina hasira. Nilinunua seti ya sufuria za alumini, nikaambiwa majivu yanang'arisha kuliko hata stili waya, nikasema ngoja nifanye vizuri zaidi, nikaloweka usiku kucha majivu na maji humohumo ndani. Asubuhi nakuta sufuria zimekuwa nyeusi kama zimepikiwa lami na nyingine ina vidoti vidoti vimeliwa. Mama mkwe kaziangalia hajasema neno, kacheka tu na pua.

Mzee wa Reli
Binti usisingizie majivu. Nyumbani kwetu tunasugulia majivu tangu 1985 na sufuria ziko hai mpaka leo. Hizo zako ni zile nyembamba za siku hizi, hata ukizikazia macho zinatoboka.

Binti Unyanyembe
Mzee shikamoo, lakini kusugua na kuloweka ni vitu viwili. Nyie mlisugua mkasuuza papo hapo.

Mzee wa Reli
Marahaba. Ndo nilichosema.

Binti Unyanyembe
Hukusema hivyo mzee wangu, panda juu usome.

Fundi Bomba
Binti yuko sahihi. Maji ya majivu ni makali, ni ndugu yake kostiki, na alumini haipatani nayo. Majivu peleka kwenye sufuria ya chuma na masinki ya zege, usuuze haraka. Kwenye birika lenye ukoko mweupe tia maji ya ndimu, chemsha, acha nusu saa, unatoka wenyewe.

Dada Usafi Katubuka
Mimi nachanganya siki na magadi, povu linapanda mpaka linatisha, choo kinang'aa!!

Fundi Bomba
Dada hilo povu ni mbwembwe tu. Siki ni asidi, magadi kinyume chake, ukivikutanisha vinamalizana nguvu unabaki na maji ya chumvi. Sugua na magadi kwanza, suuza, ndo umwage siki. Ila jamani siki msiithubutu na ile klorini ya kufulia nguo nyeupe, inatoa gesi ya sumu. Hapo sitanii.

Dada Usafi Katubuka
Kwa hiyo miaka mitatu nimekuwa nikisafisha choo kwa maji ya chumvi?

Fundi Bomba
Na kwa mkono wako dada, mkono ndo uliofanya kazi.

Mvuvi Mstaafu
Ngojeni niwaambie ya kwangu sijawahi kuisimulia popote maana familia imeniomba nisiisimulie. Mwaka juzi niliamua kuacha mbolea ya dukani. Nakaa karibu na Kibirizi, matumbo ya samaki yanapatikana bure, nikachukua matumbo ya migebuka nikayatia kwenye dumu la lita 20, lile la njano la mafuta ya kula, nikaongeza maji na molasesi kidogo, nikaambiwa yakae wiki tatu yatakuwa mbolea ya maji hakuna mfano. Sasa kosa langu, harufu ilikuwa kali, mke wangu akanuna, nikafunga kizibo. Nikakikaza na kipande cha mpira wa baiskeli kabisa. Dumu nikaliweka nyuma ya nyumba kivulini.

Wiki ya pili tukapata wageni kutoka Kasulu, wamekuja kumposa mdogo wangu wa kike. Turubai tumefunga nyuma ya nyumba maana ndo kuna mwembe, wazee kwenye viti, mama zetu kwenye mkeka. Dumu nimelisahau kabisa. Na kivuli si kinahama? Kufika saa nane dumu liko kwenye jua kali, mgongoni mwa mshenga, hatua kama nne hivi. Mimi ndo nikaliona limevimba, lile dumu la pembe nne limekuwa duara, nikawa najiuliza nikisimama sasa hivi katikati ya maneno ya mshenga si itakuwa utovu wa adabu. Nikasema moyoni amalize kwanza. Alikuwa anasema "sisi tumekuja hapa tumeona ua..." hapo ndipo lilipopasuka.

Sikuwahi kusikia mlio ule. Kuku walipotea mpaka jioni. Kanzu nyeupe ya mshenga mgongoni ikawa rangi ya udongo, kuna utumbo wa mgebuka ulining'inia kwenye kofia ya baba mkubwa wao. Harufu siwezi kuieleza, mtoto mmoja alitapika palepale, jirani akachungulia ukutani akauliza kama kuna msiba. Na mshenga, Mungu ampe maisha marefu, alikaa kimya kama sekunde kumi halafu akaendelea, "...tumeona ua, na tumelipenda hivyohivyo."

Kinyozi wa Mwanga
Nimeanguka na mashine mkononi. Mteja kapata njia kichwani asiyoiomba.

Mama Pacha wa Gungu
TUMELIPENDA HIVYOHIVYO 😂😂😂 huyo mshenga namba zake tafadhali

Binti Unyanyembe
Mbona hujatwambia harufu ulitoaje? Tuko kwenye mada ya usafi.

Mvuvi Mstaafu
Nilimwaga mchanga na majivu makavu yanyonye, nikazoa, nikafukia mbali. Ukuta nikaosha na gwanji na ndimu kama hamsini. Harufu ilikata siku ya nne. Kanzu tulinunua mpya.

Mkulima wa Viroba
Pole mkuu ila kitaalamu ni kizibo tu. Kinachochacha kinatoa gesi, usikaze, weka kitambaa au legeza kila siku. Mimi sitaki hata hiyo. Viroba vya kilo 50, nusu udongo nusu samadi iliyooza, maji ya kuoshea dagaa na mchele ndo namwagilia. Mchicha wiki tatu nne nachuma. Wadudu nasaga majani ya mwarobaini, naloweka, nachuja, kipande cha sabuni kidogo, napuliza jioni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 miche naoteshea kwenye makopo.

Dada Usafi Katubuka
Maji ya dagaa mi yaliniletea paka wa mtaa mzima, wamefukua miche yote.

Mkulima wa Viroba
Tandaza miiba juu.

Mzee wa Reli
Au fuga mbwa.

Dada Usafi Katubuka
Mbwa naye anakula dagaa mzee. Ila kupanga jiko nimeweza, ndoo za rangi nimeziosha, moja unga, moja mchele, moja maharage.

Fundi Bomba
Ndoo za RANGI unga??? Toa leo. Humo weka vigingi vya nguo, mkaa, viatu, si chakula. Tafuta zilizokuja na mafuta ya kupikia.

Dada Usafi Katubuka
Leo umeniandama lakini. Haya natoa.

Mama Pacha wa Gungu
Mvuvi hujamaliza, posa ilijibiwaje?

Mvuvi Mstaafu
Walikubaliwa. Ila kikao cha mahari wakaomba kifanyike Kasulu. Na pale lilipopasukia kumeota boga lenyewe, halijapandwa na mtu, mwaka huu limetoa kumi na moja. Shemeji kila akija anabeba moja, hataki kukaa upande ule.

Kinyozi wa Mwanga
Mbegu tunaomba.