Mtoto wa miaka 4 mwenye usonji halali usiku na mchana hatulii, nifanyeje?

mama_kipenzi
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, aligundulika na usonji mwaka jana, maneno anayo machache tu ya kuomba vitu. Shida yangu saivi ni usingizi. Namlaza sa mbili lakini kulala kwenyewe ni sa tano, siku nyingine sa sita, halafu sa tisa kashaamka anacheka, anaruka kitandani, anawasha taa anazima mpaka kunakucha. Mchana sasa ndo usiseme, hakai hata dakika mbili, anapanda meza, anakimbia huku na huku, ukimshika analia. Naambiwa ana nguvu nyingi nimchoshe, nimemchosha mpaka nimechoka mimi. Juzi nikampa dawa ya mafua ile inayoleta usingizi nikajua leo tutalala, akawa ndo kama nimemchochea, alfajiri imetukuta macho. Nampenda sana mwanangu ila kuna usiku najifungia bafuni nalia. Kuna aliyepitia haya? Na hiyo melatonini, ile homoni ya usingizi wanayoiuza kama dawa, naisikia tu, nimpe?

binti_wangu_mmoja
Pole sana dada, wangu ana miaka 9 saivi na analala, ila nayakumbuka hayo ya sa tisa. Hiyo dawa ya mafua usirudie, kuna watoto inawafanyia kinyume kabisa, badala ya kusinzia wanachangamka.

Halafu usihesabu usiku na mchana kama matatizo mawili. Mtoto mdogo akikosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, anazidi kukimbia. Umri wake anatakiwa apate masaa 10 hadi 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, sasa piga hesabu wako anapata mangapi.

Kilichotusaidia sisi kitakushangaza, tuliacha kumlaza mapema. Kama analala sa tano basi mpeleke kitandani sa tano kasoro, asikae masaa matatu anarukaruka pale mpaka kitanda akakiona ni pa kuchezea. Akishazoea kulala haraka kwa siku kadhaa unarudisha nyuma dakika 15, akizoea tena nyingine 15. Asubuhi unamwamsha saa ileile kila siku hata kama kalala vibaya, hapo ndo pagumu maana roho inakuuma na wewe mwenyewe unatamani kulala. Kabla ya kulala tulikuwa na picha nne ukutani, kuoga, nguo za kulala, kitabu, taa kuzimwa, kila akimaliza anabandua moja. Simu na tivi vinazimwa saa nzima kabla. Akiamka usiku usiwashe taa, usicheze nae, usimkaripie, sema maneno yaleyale machache umrudishe. Kwetu ilichukua kama miezi miwili, na akiumwa tulikuwa tunaanza upya.

baba_wa_watatu
Hayo ya ratiba ni kweli ila mi nitauliza kitu kingine, huyo mtoto anakoroma? Miguu je, anarusharusha akiwa amelala? Choo anapata vizuri? Sisi tulihangaika na picha na ratiba mwaka mzima kumbe kijana alikuwa na upungufu wa madini ya chuma, miguu haitulii usiku, na yeye hawezi kusema kwamba inamsumbua. Hawa watoto wengi wanachagua sana chakula kwaiyo chuma kinashuka kirahisi. Omba kipimo cha ferritini, yaani cha akiba ya chuma mwilini, kile cha wingi wa damu peke yake kinaweza kuwa sawa na akiba ya chuma bado iko chini. Ila usinunue vidonge vya chuma ukampa bila kupima, vikizidi ni sumu kwa mtoto. Na kama anakoroma au anahema kwa mdomo waangalie tonsi (mafindofindo) na vinyama vya nyuma ya pua. Mrekodi video akiwa amelala uende nayo, daktari ataona mwenyewe, na kama kuna mishtuko ya kifafa inayokuja usiku nayo itasaidia kuonekana.

nesi_watoto
Nafanya kazi na watoto hawa. Melatonini inasaidia wengi, hasa kwenye kuchukua usingizi, ile ya kawaida haisaidii sana kwa anayeamka katikati ya usiku. Ulaya tangu 2018 kuna ya kuachia dawa polepole mwilini iliyoruhusiwa kwa watoto wenye usonji wa miaka 2 hadi 18, lakini pale ambapo ratiba peke yake imeshindikana. Usinunue tu ya dukani, zile zinazouzwa kama virutubisho zimewahi kupimwa zikakutwa kilichomo ndani hakilingani na kilichoandikwa. Daktari ataanza na dozi ndogo.

Huo utundu wa mchana usiufumbie macho pia. Zamani kitabu cha Wamarekani cha utambuzi wa matatizo ya akili kilikataza mtoto kuambiwa ana usonji na ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) kwa pamoja, kikabadilishwa 2013, kwaiyo inawezekana anavyo vyote. Ila atibiwe usingizi kwanza, ukimpima ADHD mtoto asiyelala utakuwa unapima uchovu. Na dada, akiamka wakati nyie mmelala hakikisha madirisha na mlango wa nje hawezi kufungua, dawa na vitu vya moto viwe mbali.

mama_kipenzi
Nimesoma huku nalia. Baba wa watatu, anakoroma ndio, na mdomo unakuwa wazi usiku kucha, mi nilidhani ni mafua yasiyoisha ndo maana nikampa ile dawa. Miguu sijawahi kuangalia. Leo namrekodi na naanza kuandika kalala saa ngapi kaamka saa ngapi.

baba_wa_watatu
Mrekodi ukiwa umemfunua kifua, waone anavyovuta pumzi. Na ukiona anasimama kuhema kidogo halafu anashtuka, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke mapema.