Matangazo yamejaa kwenye kompyuta ya nyumbani: nilipie antivirasi, niformati, ama kuna njia nyingine?

BabaTasha_Lanet
Habari zenu wadau. Kompyuta yetu ya nyumbani imevamiwa na matangazo. Ukiwasha tu, pale kona ya chini kulia inatokea ngao nyekundu, "kompyuta yako ina virusi 5, bonyeza hapa", halafu inakuja kamari, halafu dawa za kupunguza mwili. Mama Tasha anaitumia kwa hesabu za chama, na kijana wa kidato cha tatu kwa masomo. Nimeuliza mafundi wawili hapa Nakuru mjini. Wa kwanza anataka kuniwekea antivirasi ya kulipia ya mwaka mmoja, 2,500. Wa pili anasema hakuna njia ila kuformati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, 1,500. Ipi bora? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

Fundi_Kondele
Mzee, umetaja bei lakini hujasema shida iko wapi hasa. Ni Windows gani? Matangazo yanatokea hata kivinjari kikiwa kimefungwa? Mnatumia Chrome ama nini? Na kijana alipakua nini siku yalipoanza? Bila hayo hakuna mtu hapa anaweza kukuambia ukweli.

Shiru_S58
Lipia antivirasi ulale usingizi. Mimi nina Kaspersky ofisini na nyumbani, nalipia kila mwaka, na sijasumbuliwa. Vya bure vina gharama yake, utakuja kuona.

Mulembe_Mint
Weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, uachane na haya yote. Ni bure, haihitaji leseni, na hizo takataka zimeandikwa kwa ajili ya Windows, haziwezi kusakinika kule. Nimewawekea wazazi wangu Kakamega na hawajanipigia simu ya malalamiko tangu hapo.

Shiru_S58
Na hesabu za chama zilizo kwenye Excel atafungulia wapi?

Mulembe_Mint
LibreOffice, programu za ofisi za bure, inafungua faili za Excel. Inakuja na Mint tayari.

Shiru_S58
Inafungua, ndiyo, halafu zile za fomula nyingi zinabadilika sura. Nimejaribu. Usimpe mama wa watu kazi ya kurekebisha mafaili usiku wa mkutano.

Mwl_Webuye
Ndugu Baba Tasha, kabla hujamkabidhi mtu kompyuta aiformati, soma haya.

Kompyuta ya idara yetu shuleni ilianza hivi hivi. Ikapelekwa duka fulani mjini, sitalitaja. Jamaa hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Alifuta kila kitu. Alama za muhula mzima zilikuwa humo, ikabidi walimu waanze kuzikusanya upya kutoka kwenye karatasi, na wengine karatasi walikuwa wamesharudishia wanafunzi. Na hapo bado. Wiki haijaisha, matangazo yakarudi, tena mabaya kuliko ya mwanzo. Mengine hata huwezi kuyaonyesha mbele ya mtoto. Nikaketi kuikagua mwenyewe jioni moja. Windows aliyoweka ilikuwa ya wizi, imefunguliwa na kile kiprogramu cha kuamsha leseni. Viprogramu vya aina hiyo hukuambia uzime ulinzi kwanza ndipo vifanye kazi, na yeye alizidisha: nilipoingia Windows Security, kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, antivirasi iliyokuja na Windows, haruhusiwi kukagua, mstari wa kwanza ulikuwa C:\. Diski nzima! Ni kama kuajiri askari wa geti halafu umwambie aangalie barabara tu, nyumba asiigeukie. Tulipowarudia, wakasema ni kazi mpya, tulipe tena.

Kwa hiyo kama ni kuformati, kwanza nakili faili zote kwenye diski ya nje, mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu muulize fundi waziwazi: Windows unayoweka umeitoa wapi? Akianza kuzungukazunguka, chukua kompyuta yako uondoke.

Fundi_Kondele
Pole sana mwalimu. Watu kama hao ndio wanatuharibia jina. Microsoft wenyewe wanatoa faili ya kusakinisha Windows bure kwenye tovuti yao, na kompyuta iliyokuja na leseni yake kwa kawaida hujiamsha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Hakuna sababu ya kuweka ya wizi. Ila Baba Tasha bado hajanijibu.

BabaTasha_Lanet
Samahani wadau, nilikuwa kazini. Ni Windows 10, Chrome. Ngao inatokea hata kama Chrome sijaifungua mbele yangu. Kijana anasema alikuwa anatafuta mahali pa kutazama mpira, na pia alipakua VLC, ile programu ya kuchezea video.

Nyar_Kisumo
Baba Tasha, hizo za kona ya chini kulia mara nyingi si virusi hata kidogo. Ni arifa za kivinjari. Tovuti za mpira wa bure hukuambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", ukibonyeza umeipa ruhusa ikutumie chochote, saa yoyote. Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya kufunga dirisha, ndiyo maana unaona zinakuja zenyewe. Fungua Chrome, ingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Angalia walioruhusiwa. Usilolijua, ondoa. Hapo hapo kuna pa kuzuia tovuti zote zisiwe zinaomba ruhusa.

Hii antivirasi ya 2,500 inaweza isiguse hilo, kwa sababu ruhusa umetoa wewe mwenyewe. Na kuformati hakuna haja.

Fundi_Kondele
Nyar Kisumo amegonga penyewe. Naongeza: hiyo VLC aliipakua wapi? VLC halisi iko videolan.org. Ukiitafuta Google, tangazo la juu linaweza kukupeleka pengine, na huko unapewa VLC pamoja na wageni wengine watatu ambao hukuwaita. Kuna visanduku vimeshawekwa alama tayari, mtu anabonyeza "endelea, endelea" na kumaliza.

Kwa hao wageni tumia AdwCleaner. Ni ya Malwarebytes, waliinunua 2016, bure, haisakinishwi, unaifungua tu inakagua. Ipakue kwao wenyewe. Kisha kwenye Windows Security, sehemu ya programu na kivinjari, washa kizuizi cha programu zisizotakiwa. Kipo ndani ya Windows 10 tangu 2020 na watu wengi hawakijui.

Shiru_S58
Kwa hiyo mnasema ninalipa bure?

Fundi_Kondele
La, dada. Kama unapenda huduma yake, lipa. Nasema tu Defender aliyekuja na Windows anatosha nyumba ya kawaida. Na Kaspersky, Marekani ilipiga marufuku isiuzwe kwao mwaka 2024. Hapa kwetu haihusu, lakini ujue.

Mwl_Webuye
Hata hizi kampuni za usalama tusiziamini kwa macho yaliyofungwa. Mwaka huo huo wa 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiagiza Avast kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja walikuwa wanatembelea. Mtu aliweka programu imlinde, ikawa inamchungulia.

Mulembe_Mint
Ndiyo sababu nasema Linux.

Nyar_Kisumo
Kinga kubwa ni kivinjari. Tumia Firefox, weka uBlock Origin, kiprogramu cha ndani ya kivinjari cha kuzuia matangazo. Jina lote, "Origin", kwa sababu kuna nyingine zenye jina linalofanana. Chrome siku hizi inakubali ile ndogo tu, Lite. Inasaidia, lakini haifikii ile kamili.

Mkulima_wa_Njoro
Nina blogu ya ng'ombe wa maziwa, na matangazo ndiyo yananilipia bando na mafuta ya pikipiki nikienda kutembelea wafugaji. Mkizuia kila kitu mnatunyima riziki. Tofautisheni programu iliyoingia kwa hila na tangazo la mtu aliyeandika makala yake kwa jasho.

Nyar_Kisumo
Ni kweli kabisa. Kwenye uBlock kuna kitufe kikubwa cha kuizima kwa tovuti moja. Mimi huizima kwa wale ninaowasoma kila mara. Tuma kiungo cha blogu yako hapa.

BabaTasha_Lanet
Wadau, nimeingia kwenye Arifa. Kulikuwa na orodha ndefu ya majina ya ajabu ambayo hata kijana hayakumbuki. Nimeondoa yote, ngao imetoweka! Lakini nikitafuta kitu Chrome, bado inanipeleka ukurasa wa utafutaji nisioujua, na kwenye menyu imeandika kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika. Sisi hatuna shirika lolote.

Fundi_Kondele
Hapo sasa kuna kitu kimeingia kweli. Andika chrome://policy pale juu pa kuandikia anwani za tovuti uone kilicholazimishwa. Piga AdwCleaner. Fungua Viendelezi, vile viprogramu vilivyoongezwa kwenye Chrome, uondoe usivyovijua. Halafu bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya alama ya Chrome kwenye skrini ya mwanzo, angalia sifa zake: baada ya chrome.exe kusiwe na anwani yoyote ya tovuti. Ukiona kiendelezi kinarudi kila ukikifuta, zima usawazishaji wa akaunti kwanza. Watu wanaformati kompyuta, wakiingia tena kwenye akaunti yao ya Google, kile kiendelezi kinashuka upya.

Mulembe_Mint
Na Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Hilo nalo mnalipita kimya?

Shiru_S58
Basi apande 11.

Mulembe_Mint
Kama prosesa ni ya kabla ya Intel kizazi cha 8, Microsoft haiikubali. Baba Tasha, ni kompyuta gani?

Awuor_Nyalenda
Naomba kuuliza hapa hapa. Simu yangu inatoa matangazo hata nikiwa kwenye skrini ya nyumbani, bando linaisha kabla ya jioni. Nifanye nini?

Nyar_Kisumo
Awuor, kagua programu ulizoweka karibuni, hasa tochi na zile za "kusafisha simu". Ziondoe. Kama ni Android 9 kwenda juu, tafuta DNS ya Faragha (DNS ndiyo inayoitafutia simu anwani za tovuti) kwenye mipangilio ya mtandao, uandike dns.adguard-dns.com. Inazuia mengi.

Awuor_Nyalenda
Ni Android 8.

Nyar_Kisumo
Basi hiyo sehemu huna. Anza na hiyo tochi.