Jumuiya yetu inasoma Biblia, lakini wanaoongea ni wawili tu

Kiongozi_Nkuhungu:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tangu Februari naongoza jumuiya hapa Nkuhungu, Dodoma. Tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni, nyumba kwa nyumba, watu kumi na wawili, wengi akina mama. Tunasoma sura nzima, kila mtu mstari wake, kisha nauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Anaongea mzee wa kanisa, anaongea mwalimu mstaafu, wengine amina, sadaka, sala, tunatawanyika. Ijumaa nilikutana na mmoja wao sokoni nikamuuliza jana tulisoma nini. Hakukumbuka. Inaniuma sana. Nifanyeje?

Kijana wa Kizota:
Sura nzima ni nyingi. Chukueni mistari kumi, isomwe mara mbili: kwanza kwa tafsiri ya Union Version, halafu kwa ile ya Habari Njema. Pale maneno yanapotofautiana ndipo watu huanza kuuliza wenyewe.

Mama wa Bahi:
Mwanangu, hilo "kuna mwenye swali?" ndilo linalowafunga midomo. Mtu aliyeishia darasa la nne akilisikia anajiona yuko mbele ya mwalimu. Muulize jambo analolijua kukuzidi.

Mwaka juzi tulisoma Ruthu, mwezi wa sita, mtama ukiwa bado unavunwa. Kwenye sura ya 2 sikueleza kitu. Niliuliza tu: nani hapa amewahi kuokota masazo kwenye shamba la mtu? Bibi mmoja, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kusikia sauti yake pale, akajifunga kanga vizuri akasema, "Mimi. Mwaka niliofiwa na mume wangu." Akatuonyesha unavyoinama, suke moja moja, huku jicho liko kwa mwenye shamba usije ukafukuzwa. Tulipofika mstari wa 17, kwamba Ruthu alipata kama efa ya shayiri, nikasema hiyo ni kama lita 22, debe na kidogo. Bibi akakataa. "Kwa siku moja? Huyo aliachiwa makusudi." Tukarudi mstari wa 16, tulioupita mbio: Boazi amewaagiza vijana wake wayatoe masuke kwenye matita, wamwachie. Aliyeuona si mimi.

Akaendelea na Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita yalipochukua nafaka na ng'ombe, kama alivyosimuliwa na mama yake. Watu walihama. Basi Elimeleki wa sura ya 1 kuondoka Bethlehemu kwa njaa, na mkewe na wana wawili, hakukuhitaji maelezo tena.

Ila shika hili: simulizi ikirefuka, uliza, "Mstari gani unasema hivyo?" Bila hivyo mtamaliza jioni kwa habari za shambani, na Neno halijaguswa. Na anayejieleza vizuri kwa Cigogo mwache aseme kwa Cigogo, jirani atatafsiri.

Mzee wa kanisa usimkatize mbele za watu. Mfuate nyumbani kwake kabla ya Alhamisi, umwombe awe anafunga mazungumzo. Wazee hupokea jambo wakiombwa kwa heshima.

Kiongozi_Nkuhungu:
Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Mzee nitamfuata Jumatano jioni. Wiki hii ni Luka 15, mwanamke aliyepoteza shilingi. Nianzie wapi hapo?

Mama wa Bahi:
Marahaba mwanangu. Kwanza waambie ile shilingi ni drakma, kama ujira wa kibarua wa siku nzima. Wasipojua hilo watashangaa anahangaikia nini. Halafu soma mstari wa 8 polepole: anawasha taa, anafagia, anatafuta kwa bidii. Hapo waulize waliokulia kwenye tembe, zile nyumba za udongo zenye giza ndani: sindano ikidondoka ndani, mchana, unaipataje? Ukishauliza, nyamaza. Hata wakikaa kimya dakika nzima, usijibu wewe.