Ushauri: kaka anataka jaji mstaafu atusuluhishe mirathi ya baba. Nikubali?

BintiKibosho
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi, hasa kwa wenye uzoefu wa mirathi za huku kwetu Kilimanjaro.

Baba alifariki mwaka jana. Kwa mama tuko sita, mimi ni wa nne. Tuna wadogo zetu wawili kwa mama mdogo, wako Arusha, Sakina, mmoja bado anasoma kidato cha pili. Mali ni kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) cha Kibosho anakoishi mama na ndiko baba alikozikwa, nyumba ya kupangisha Majengo hapa Moshi, nyumba ya Sakina, na fedha kidogo benki. Hakuna wosia.

Baada ya matanga ukoo ulikaa ukampendekeza kaka mkubwa awe msimamizi. Alipopeleka maombi Mahakama ya Mwanzo, wa Arusha wakaweka pingamizi: hawakuitwa kwenye kikao na majina yao hayamo kwenye muhtasari. Na ni kweli hayamo. Hakimu akatuomba tukajaribu kuelewana kabla hajasikiliza pingamizi.

Sasa kaka ameleta jina la jaji mstaafu ambaye siku hizi anasuluhisha familia kwenye mambo ya ndoa na mirathi. Wa Arusha wamekubali. Mama kanyamaza. Kinachonitia hofu ni jinsi kaka anavyomzungumzia, "jaji akishasema, tumemaliza". Sisi mabinti hatujatajwa popote, na baba mkubwa anasema waziwazi kwamba binti hapewi ardhi ya ukoo. Nikienda kwa huyo mzee nikasaini, ndiyo basi? Nisipoenda nitaonekana ndiye ninayeivunja familia.

MekuWaUru
Pole sana binti yangu. Kwa mimi, jaji mpokeeni. Zamani ndugu wakikosana, mtu alishika isale, lile jani la mmea wa mipakani, akaenda kuomba radhi, na ukiletewa isale hukuwa na namna ya kukataa. Siku hizi watu wanashikana mahakamani miaka na miaka, kahawa inaota magugu, nyumba inabomoka, na mjane anazeeka akingoja tarehe. Mtu mzima asiye wa ukoo wenu, anayejua sheria, anaweza kuwakalisha mezani pale ambapo baba yenu mkubwa ameshindwa.

Kuhusu kihamba, nakwambia nilivyokuta. Kitindamimba wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, mkubwa naye huwa na chake. Ila mila hiyo ilikuwapo wakati ardhi ipo. Leo vihamba vimekatwa mpaka havikatiki tena.

KaraniMstaafu
Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa faili.

Dada, jaji akistaafu mamlaka ya kuhukumu anayaacha mahakamani. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, na baada ya hapo akikaa nanyi ni msuluhishi. Hawezi kumteua kaka yako kuwa msimamizi. Hawezi kukulazimisha usaini. Anachofanya ni kuwasaidia mfike mnakokubaliana wenyewe, mkishindwa mnarudi kwa hakimu na pingamizi lenu linaendelea kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kwenda kumsikiliza hakukuondolei haki yoyote. Kusaini ndiko kuna uzito, kwa sababu makubaliano yakiandikwa vizuri yanapelekwa mahakamani, yanaingizwa kwenye faili la mirathi, na yakishapokelewa pale kuyapangua ni kazi kubwa.

Pili, watu wengi hawalijui hili: msimamizi si mrithi mkuu. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Nimeona familia zikichinjana kugombea nani awe msimamizi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiuliza orodha ya mali iko wapi. Ninyi anzeni na orodha.

Na mwulizeni wakili mapema kama faili lipo mahali pake. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikipokea mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo, mahakama hutazama mtindo wake wa maisha, aliishi kwa kufuata mila au aliziacha. Nimeshuhudia mafaili yakirudi sifuri kwa hoja hiyo, ndugu wakiwa wameshagawana.

BintiKibosho
Karani, asante sana, umenipa pumzi. Baba alifunga ndoa kanisani na alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Lakini pia vikao vya ukoo vyote alikuwa anahudhuria na mila alizifuata. Sasa hapo anahesabiwa wapi?

WakiliWaPasua
Hapo ndipo penye ubishi, na ndiyo sababu usuluhishi unaweza kuwafaa. Tofauti ni kubwa. Wakisema aliishi kimila, inaletwa Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo humweka binti daraja la mwisho na halimpi mjane mwenye watoto fungu lake. Wakisema aliishi Kikristo, inatumika Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo hadi leo inatumika kwetu: mjane theluthi moja, theluthi mbili watoto kwa usawa, wa kike na wa kiume.

Baba mkubwa naye asikutishe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilisikiliza shauri la Holaria Pastory, mama wa Kagera aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake akaiuza, na mpwa wake akampeleka mahakamani. Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume kuhusu ardhi hiyo, akataja Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu ya jinsia yake.

Halafu kuna mdogo wenu wa kidato cha pili. Huyo hasaini chochote. Lazima awepo mtu mzima wa kumsemea, na asiwe mtu ambaye fungu lake linakua la mtoto likipungua. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Makubaliano yanayompita mtoto hayana miguu.

Kabla hamjaanza, mwombeni msuluhishi awaonyeshe usajili wake. Kanuni za mwaka 2021 zinataka wanaofanya kazi hii waidhinishwe na kusajiliwa, na orodha ipo Wizara ya Katiba na Sheria. Mtu makini hatakasirika kuulizwa.

MamaNjiro
Sisi tulipitia kwa jaji mstaafu, mirathi ya baba mkwe. Yule mzee hakuanza na mali. Alianza na mama, akamwambia mama ongea wewe kwanza, wengine mkae kimya. Mama mkwe hakuwa ameulizwa kitu tangu siku ya mazishi. Aliongea karibu saa nzima, na ndipo tukajua kwamba nyumba ya mjini ilijengwa kwa fedha za ng'ombe wake wa maziwa. Jaji akatuambia fungu la mama kwenye mali aliyochuma na mumewe litengwe kwanza, kinachobaki ndicho mirathi. Nusu ya ugomvi iliishia hapo.

Baadaye alikaa na kila upande peke yake, na uliyomwambia faraghani hakuyapeleka upande wa pili bila ruhusa yako. Alikuja hadi shambani, akatembea mipaka yote ya masale.

Tatizo lilikuwa kwetu wenyewe. Kila akipendekeza kitu watu wanaitikia "ndiyo mheshimiwa", hata asiyetaka. Shemeji yangu aliitikia hivyo mbele yake, akatoka nje akalia. Bahati nzuri mzee aliona, akaahirisha, akamrudisha peke yake. Si kila msuluhishi ataona. Andika unachotaka kwenye karatasi kabla hujaenda, na omba rasimu mkae nayo nyumbani siku kadhaa kabla ya kusaini.

MekuWaUru
Mama Njiro amesema kweli kuhusu mjane. Naongeza kwamba kihamba chenye makaburi msikiuze, yeyote atakayeandikwa. Mnaweza kukiacha kwa mama maisha yake yote na mkaandika nani atakitunza baada yake. Nyumba za mjini ndizo za kugawa. Na mabinti wapewe, dunia imebadilika.

Mrombo_Mjini
Gharama je? Kama kaka ndiye anamlipa jaji peke yake, wa Arusha wataanza maneno siku ya kwanza wasiposhinda hoja.

KaraniMstaafu
Swali zuri. Malipo yaandikwe kabla, na kila upande uchangie. Dada, kama huna wakili wa kukusomea rasimu, hapo Moshi nenda KWIECO, wanatoa msaada wa kisheria kwa wanawake na mirathi wanaijua vizuri.

BintiKibosho
Nimesoma yote, nikampigia mama. Nilimuuliza anataka nini. Akaniambia hataki kuhamishwa na anataka wale watoto wa Sakina waingizwe kwenye muhtasari, kwamba marehemu aliwasomesha na yeye alikuwa anajua. Kaka hajui kama mama ana msimamo huo. Nimemwomba aje aseme mwenyewe mbele ya msuluhishi. Nitaenda, lakini kwanza ukoo ukae upya na wa Arusha waitwe, na wiki hii napita KWIECO. Mama Njiro, ninyi mlikutana wapi? Kaka anataka iwe kwake.

MamaNjiro
Kwa kaka hapana. Sisi tulipewa chumba parokiani, na siku ya kihamba tulikuwa kwa mama. Wa Arusha wapangieni saa nne asubuhi ili wawahi na kurudi siku hiyohiyo.